Jua na Ngozi Yako: Maswali Manne ya Kujiuliza

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashuka taratibu.)

Ndugu wasikilizaji wa Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme na Mugombwa, na ninyi wakimbizi wenzetu mnaoishi hapa mjini Kigali, mimi ni mtangazaji mwenzenu, mkimbizi kama ninyi, nazungumza nanyi kutoka Kacyiru, Kigali. Kama kikundi chenu cha kusikiliza kina nakala hii ya karatasi, anayejua kusoma amsomee jirani yake asiyejua.

Tumeingia mwezi wa sita. Mvua imekata, vumbi limeanza, na jua linawaka tangu asubuhi. Wengi mmetuma ujumbe mkiuliza kuhusu ngozi. Mmoja anasema uso unawasha kila akitoka foleni ya maji. Mwingine anasema mikono yake imekuwa myeusi na inabanduka kama ganda la muhogo. Mzazi mmoja ana mtoto mwenye ualbino ambaye mabega yamejaa malengelenge. Na dada mmoja ametuuliza jambo lililotufanya tuandae kipindi hiki haraka. Anasema majirani wameacha kula naye, kwa sababu alama zilizotokea shingoni na mikononi mwake wanadai ni za kulogwa, wengine wanadai ni ugonjwa wa kuambukiza.

Dada yetu, na wengine mlio kama wewe, sikilizeni. Vidonda vingi vinavyotokea pale jua linapogusa mwili haviambukizi kwa kula pamoja wala kwa kushikana mikono. Vina sababu, na sababu nyingi zina dawa. Leo tutafundishana jinsi ya kuitafuta sababu hiyo.

Tuanze na jua lenyewe. Watu wengi husema, "Mimi ni mweusi, jua halinifanyi kitu." Ni kweli kwamba rangi nyeusi ya ngozi ni kinga. Mungu ametupa mwavuli wa ndani. Lakini mwavuli huo hauzuii kila kitu. Ngozi nyeusi nayo huungua. Haibadiliki kuwa nyekundu kama ya mzungu, kwa hiyo hatuoni haraka. Sisi tunaona ngozi imezidi kuwa nyeusi, ina joto ukiigusa, inakaza, inauma unapooga, na baada ya siku chache inabanduka.

Wengine husema, "Rwanda ni nchi ya baridi, jua lake si kali." Hapo tunadanganywa na upepo wa milimani. Kinachochoma ngozi si joto. Ni mionzi iliyo ndani ya mwanga, ambayo hatuioni wala hatuisikii. Rwanda iko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua liko karibu juu ya kichwa. Tena tuko juu. Hapa Kigali tuko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000, nguvu ya mionzi hiyo huongezeka kwa kama asilimia 10. Kwa hiyo mtu wa Kiziba, juu ya mlima, anaweza kusikia baridi na huku anaungua. Mawingu mepesi nayo hayazuii mionzi yote.

Basi ukiona ngozi imeharibika, jambo la kwanza ni kutazama mipaka. Simama mahali penye mwanga, utazame mwili wako, au mwambie mwenzako akutazame. Je, vipele viko usoni, shingoni, mgongoni mwa mikono na juu ya miguu? Je, vinaishia pale nguo inapoanzia? Je, chini ya kidevu, nyuma ya masikio na chini ya saa ya mkononi kuko salama? Kama ndivyo, jua limehusika. Lakini kama vipele viko makwapani, kati ya vidole, kiunoni au sehemu ambazo jua halifiki, tafuta sababu nyingine, kama vile upele, fangasi au joto la jasho.

Ukishajua kwamba jua limehusika, usiishie hapo. Mko watu 10 kwenye foleni moja, jua ni moja, kwa nini wewe tu ndiye unayeharibika ngozi? Hapo ndipo maswali manne yanapoingia. Yashikeni kichwani: Nimepaka nini? Nimemeza nini? Nimekula nini? Na nimezaliwaje?

(Muziki mfupi.)

Swali la kwanza: Nimepaka nini?

Hapa nitasema wazi, na dada zangu msinikasirikie. Kaka zangu pia, maana siku hizi nanyi mnapaka. Nazungumzia mkorogo, zile krimu na sabuni za kung'arisha ngozi. Tumeshaona uso umekuwa mweupe na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Tunacheka, lakini si jambo la kuchekwa.

Krimu nyingi za aina hiyo zina moja ya vitu vitatu. Cha kwanza kinaandikwa kwenye kopo "hydroquinone". Kinazuia ngozi isitengeneze rangi yake, yaani kinakunja ule mwavuli wa ndani. Ukipaka kwa muda mrefu na kutembea juani, kinaweza kukuletea madoa meusi ya samawati mashavuni ambayo ni vigumu sana kuondoka. Cha pili ni dawa za jamii ya steroidi. Hizo ni dawa za kweli za hospitali, lakini ukizipaka kila siku bila daktari, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inatoa chunusi, mishipa inaonekana, na kidonda kidogo hakiponi. Cha tatu ni zebaki. Hiyo inaingia mwilini, inaumiza figo, na mama mjamzito anampa sumu mtoto aliye tumboni. Kwenye kopo huandikwa "mercury", "mercure" au "calomel". Makopo mengine hayana maandishi yoyote, na hayo ndiyo ya kuogopa zaidi.

Hapa Rwanda serikali ilikwisha kulisemea jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 2018, baada ya Rais Kagame mwenyewe kuandika kwamba krimu hizo ni hatari kwa afya, polisi na wakaguzi walipita madukani wakazikamata. Lakini tunajua kwamba sokoni bado zinafika kwa njia za panya, na kambini zinauzwa kwa kijiko.

Sasa, kama umekuwa ukipaka kwa miezi au miaka, usiamke kesho ukaacha ghafla bila msaada. Ngozi iliyozoea steroidi inaweza kuvimba, kuwasha na kutoa vipele vingi, nawe utadhani kuacha ndiko kulikokuumiza, kisha utarudia. Nenda kituo cha afya ukiwa na kopo lenyewe. Mwambie muuguzi ukweli. Hajaja kukuhukumu. Atakuelekeza namna ya kuacha, na kwa miezi hiyo jifunike vizuri usipigwe na jua.

Jambo jingine katika kupaka ni limau. Wapo wanaojipaka limau usoni ili kuondoa madoa. Maji ya limau yakikaa kwenye ngozi na jua likapiga, yanaunguza. Hutokea malengelenge, halafu madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Hata ukiwa umekamua limau kwenye sambaza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje. Limau liwe kwenye chakula, lisiwe usoni.

Swali la pili: Nimemeza nini?

Kuna dawa nzuri kabisa ambazo zinafanya ngozi ichukie jua. Mojawapo ni doksisaiklini, wanayopewa watu kwa maambukizi mbalimbali. Nyingine ni kotrimoksazoli, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Bactrim. Zipo pia baadhi ya dawa za presha zinazokufanya ukojoe sana. Mtu anameza, anatoka kwenda shambani, jioni uso na mikono vinawaka moto.

Ndugu zangu, hapa ndipo uhai unapohusika. Tumesikia watu wakisema, "Dawa imenikataa," kisha wanaitupa chooni. Mwenye presha akiacha dawa, anaweza kupooza. Mwenye kifua kikuu akiacha, ugonjwa unarudi na nguvu mpya. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi akiacha, virusi vinaamka. Usiache dawa kwa uamuzi wako au wa jirani. Jifunike, ukae kivulini, na urudi kwa aliyekupa dawa ukiwa na vidonge mkononi. Mara nyingi anaweza kukubadilishia, au kukueleza namna ya kuendelea bila kuumia.

Lakini kuna dalili ambazo hazingoji kesho. Umeanza dawa mpya, na sasa ngozi inatoa malengelenge au inavuka kama imemwagiwa maji ya moto, mdomoni kuna vidonda, macho ni mekundu, una homa. Hiyo ni hatari kubwa, iwe mchana au usiku. Mpelekeni mgonjwa kituo cha afya saa hiyo hiyo, mkiwa na dawa alizomeza. Msisubiri asubuhi, msianze na dawa za kienyeji.

(Muziki mfupi.)

Swali la tatu: Nimekula nini?

Pengine mnashangaa. Chakula na jua vinahusiana nini? Nitawapeleka Malawi, mwaka 1990. Huko walikuwepo wakimbizi kutoka Msumbiji, waliokimbia vita kama sisi tulivyokimbia. Walikuwa wakipewa mahindi, na karanga pia. Halafu karanga zikakosekana kwa miezi kadhaa. Yakabaki mahindi. Kati ya mwezi wa pili na wa kumi mwaka huo, watu zaidi ya 17,000 waliugua ugonjwa mmoja, na wanawake waliugua kuliko wanaume. Ngozi yao iliharibika pale palipopigwa na jua: mikono kama imevaa glavu nyeusi, miguu kama imevaa soksi, na shingoni alama iliyozunguka kama mkufu.

Ugonjwa huo unaitwa pelagra. Si uchawi, wala hauambukizi. Daktari mmoja wa Hispania, Gaspar Casal, aliueleza tangu mwaka 1735, alipouona kwa wakulima maskini waliokuwa wakila mahindi karibu peke yake. Ndani ya mahindi kuna vitamini inayoitwa niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua. Mwili ukikosa niasini, ngozi inashindwa kujitengeneza baada ya kupigwa na jua. Kisha tumbo linaharisha, ulimi unakuwa mwekundu na unauma, usingizi unapotea, na mtu anaanza kusahau na kuchanganyikiwa. Asipotibiwa, anaweza kufa. Akitibiwa kwa vidonge vya vitamini hiyo, siku chache tu anaanza kupata nafuu.

Waliochunguza kule Malawi waliona kwamba watu waliokula karanga walikingwa. Basi tujitazame sisi. Wengi tunapokea pesa kwa simu au kadi, na pesa ni kidogo. Tunakimbilia unga wa mahindi kwa sababu unajaza tumbo la watoto wengi. Simlaumu mama yeyote kwa hilo. Nasema tu, mwezi huu ukipata nafasi, ondoa kidogo kwenye unga, nunua kikombe cha karanga. Zitwange, utie kwenye sombe kama tulivyofanya kwetu Kivu. Ndagala na sambaza, hata kiganja kimoja kwenye mchuzi, husaidia. Maharage, mayai, maziwa na uyoga wa kuliwa pia vinasaidia. Na unga wa uji ulioongezwa vitamini ambao kituo cha afya huwapa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto, usiuuze. Huo ni dawa.

Wanaohitaji kuangalia zaidi ni wamama wanaonyonyesha, watu wanaokunywa pombe nyingi na kula kidogo, na wanaomeza dawa ya kifua kikuu inayoitwa izoniazidi. Ukiona alama ya mkufu shingoni na mikono imekuwa kama yenye glavu, nenda kituo cha afya useme waziwazi: "Naomba mniangalie kama ni pelagra." Wauguzi wengine hawakutani nayo mara nyingi, kwa hiyo kuitaja si kosa.

Na wewe jirani uliyeacha kula na mwenzako, leo jioni mwite. Weka sahani moja. Huenda chakula ndicho dawa anayoihitaji.

Swali la nne: Nimezaliwaje?

Wapo ndugu zetu wanaozaliwa na ualbino. Mwili wao hautengenezi rangi ya kutosha, kwa hiyo hawana ule mwavuli wa ndani niliousema. Kwao jua la saa moja tu linaunguza, na kuungua kila siku, mwaka baada ya mwaka, huleta saratani ya ngozi katika umri mdogo. Lakini saratani hiyo inaweza kuzuiwa, tena kwa kofia na shati.

Tarehe 13 ya mwezi huu wa sita ni siku ya kimataifa ya kuelimishana kuhusu ualbino, inayoadhimishwa tangu mwaka 2015. Hapa Rwanda kuna shirika la watu wenye ualbino wenyewe, linaitwa OIPPA. Jirani zetu wa Tanzania nao wamefanya kazi ya kusifiwa: katika hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza mafuta ya kukinga jua yanayoitwa Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwa hiyo mafuta hayo si anasa ya watalii. Kwa mtoto huyu ni dawa. Muulizeni muuguzi wenu yanavyopatikana. Yawe na namba 30 au zaidi, yapakwe kabla ya kutoka, na yarudiwe kila baada ya saa mbili.

Mafuta yakikosekana, nguo haikosi. Mzazi, mshonee mtoto shati la mikono mirefu la kitenge kizito. Mtafutie kofia yenye ukingo mpana unaozunguka pande zote, maana kofia ya mbele tu inaacha masikio na shingo. Zungumza na mwalimu: mtoto akae mbele, kwa sababu macho yake huona kwa shida, lakini asikae dirishani penye jua. Asitumwe maji adhuhuri. Atumwe asubuhi mapema au jioni. Na kidonda chochote kwenye ngozi yake kisichopona kwa mwezi mmoja, kinachotoa damu au kinachoota kama nyama, kipelekwe hospitali. Mkiandikiwa transferi, msiiache ilale nyumbani. Huko Butaro, wilaya ya Burera, kuna kituo cha kutibu saratani tangu mwaka 2012. Saratani ya ngozi ikionwa mapema, mara nyingi inakatwa ikaisha.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuseme kuhusu sisi sote. Jua kali zaidi ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Huna saa? Tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, tafuta kivuli. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua limepoa.

Ukipita hapa Kacyiru adhuhuri, watazame wamama wanaofagia barabara. Wamevaa kofia pana, kitambaa kimefunika uso hadi shingo, mikono mirefu, na jua linawaka. Wale hawakusoma udaktari. Kazi imewafundisha. Tufanye kama wao. Kitenge juu ya kichwa na mabega kinatosha. Na mwavuli si wa mvua peke yake. Akikucheka mtu akisema, "Mvua iko wapi?" mwambie unakinga mvua ya moto.

Viongozi wa kambi na kamati za maji, nanyi tunawaomba jambo moja. Pale watu wanapopanga foleni ya maji, ya pesa au ya kituo cha afya, wekeni hema hata moja. Wazee, wajawazito, wenye ualbino na watoto wachanga wapite mbele. Jambo hilo halihitaji bajeti kubwa, linahitaji kukubaliana tu.

Na kama umeshaungua? Ingia kivulini. Mwagia maji safi ya baridi kiasi, au weka kitambaa kilicholoweshwa, kwa dakika 10 au zaidi, na urudie. Kunywa maji mengi. Maumivu yakizidi, meza parasetamoli kama muuguzi anavyoelekeza. Usipasue malengelenge. Usipake dawa ya meno, majivu, mafuta ya kupikia wala mavi ya ng'ombe. Hivyo huziba joto au huleta uchafu kwenye kidonda. Nenda kituo cha afya kama aliyeungua ni mtoto mchanga, kama malengelenge ni mengi, au kama kuna homa, kutapika au kizunguzungu.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu unakwisha. Tukumbushane. Tazama mipaka ya vipele. Kama vinafuata jua, jiulize: Nimepaka nini? Nimemeza nini? Nimekula nini? Nimezaliwaje? Majibu hayo yapeleke kituo cha afya, au kwa wale wahudumu wetu tunaowaita abajyanama b'ubuzima, walio karibu na mlango wako. Ukienda na majibu manne, umemrahisishia kazi muuguzi mwenye wagonjwa 100 wanaosubiri.

Vikundi vya kusikiliza, swali lenu la kujadili wiki hii ni hili: Katika kijiji chenu, ni foleni gani isiyo na kivuli, na nani anaweza kukiweka? Tutumieni majibu kupitia kiongozi wa kikundi. Wiki ijayo tutazungumza juu ya macho, vumbi na moshi wa jikoni.

Kaeni salama, na mkae kivulini.

(Muziki wa kufunga.)